Kuku Kuchi wa Visiwani: Uchambuzi wa Kisa cha Kutafuta Asili kwa Vinasaba

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha visiwa vya Lamu. Kinahusu kikundi cha wanawake wafugaji waliotaka kujua, kwa ushahidi wa maabara, kuku wao aina ya kuchi wametoka wapi. Majina ya watu, ya kijiji, ya taasisi zilizoshiriki na ya mradi uliokuwapo wakati huo yameachwa, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya maofisa wa mifugo, wanafunzi na vikundi vya wafugaji ambao huenda wakajikuta na swali kama hili kuhusu ng'ombe, mbuzi, punda au kuku wao.

Usuli

Kuchi ni kuku wa kimo. Husimama wima, ana shingo ndefu, miguu mirefu ya mifupa mizito, mdomo mfupi na mnene, na manyoya machache kifuani. Jogoo wake ni mkali kiasi kwamba hafugwi pamoja na jogoo mwenzake. Katika nyua hizo hizo huonekana pia kuku wa kawaida, wakiwamo kidimu mwenye manyoya yaliyopinda, kishingo asiye na manyoya shingoni na kibutu asiye na mkia, na wote hutafuta chakula mahali pamoja mchana kutwa.

Katika kijiji hiki kuku ni mali ya mwanamke. Jogoo wa sifa huazimwa nyumba hata nyumba, na mtetea hupewa jirani au binti aliyeolewa amlee kwa makubaliano ya kugawana vifaranga. Desturi hiyo ndiyo iliyomhifadhi kuchi kwa vizazi, na kama itakavyoonekana, ndiyo pia iliyokaribia kuharibu utafiti.

Mambo mawili yalikisukuma kikundi kutafuta msaada. La kwanza ni soko. Wachuuzi kutoka bara walikuja kununua majogoo wa mbegu, na baadhi yao walilipa zaidi walipoambiwa kwamba ndege hao ni "kuchi wa Kichina". Madai hayo yalipata nguvu kutokana na historia ambayo kila mtu visiwani anaifahamu: merikebu za Zheng He, amiri wa China, zilisafiri katika Bahari ya Hindi kati ya mwaka 1405 na 1433, twiga kutoka Malindi alifikishwa kwenye kasri ya mfalme wa China mwaka 1415, na wazee wa Pate husimulia juu ya mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo wakaoa na kubaki. Mwaka 2013 kulitangazwa pia kwamba sarafu ya enzi ya Yongle, mfalme wa China wa wakati huo, imepatikana katika kisiwa cha Manda. Kwa hiyo mchuuzi aliyesema kuku huyu alishuka kutoka merikebu hizo hakuonekana kuwa mwongo.

La pili lilikuwa mradi uliopendekeza kugawa majogoo walioboreshwa kwa kila nyumba, na kuwaondoa majogoo wa kienyeji ili vifaranga wakue haraka. Kenya ina uzoefu mrefu wa mpango wa namna hiyo, kwani mradi wa kitaifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku ulianza mwaka 1976 kwa msaada wa Uholanzi, na sehemu yake moja ilikuwa kubadilishana majogoo na matembe wa kigeni na wafugaji wa vijijini. Kikundi kiliogopa kumpoteza kuchi kabla ya kujua thamani yake. Kikamwomba ofisa wa mifugo amtafute mtafiti, na ombi lenyewe lilikuwa fupi: walitaka cheti kinachosema kuku wao wametoka China.

Yaliyokuwa yakijulikana

Kuku wote wa kufugwa duniani wanatokana hasa na kuku mwekundu wa porini wa Asia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliolinganisha jenomu (yaani mfuatano mzima wa vinasaba) 863 za kuku wa kufugwa na wa porini, ulionyesha kwamba jamii ya kuku wa porini iliyo karibu zaidi na kuku wa nyumbani ni ile inayoishi kusini magharibi mwa China, kaskazini mwa Thailand na Myanmar. Kwa hiyo, kwa kiwango hicho cha mbali, kila kuku wa Kenya ana asili ya eneo hilo la Asia, awe kuchi au awe kuku wa mayai aliyenunuliwa dukani. Swali lenye maana ni njia aliyopitia na wakati aliofika.

Hapo akiolojia husaidia. Katika miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki mifupa ya kuku imepatikana kwenye tabaka za karne ya 7 na ya 8 na kuendelea, yaani zaidi ya miaka 600 kabla ya Zheng He. Mwaka 2011 Joram Mwacharo na wenzake walichapisha uchunguzi wa kuku wa vijijini kutoka Kenya, Ethiopia, Sudan na Uganda, wakaonyesha kwamba koo zao za umama, yaani nasaba zinazofuatwa kupitia kwa mama, ni kadhaa. Ule uliotapakaa zaidi waliuhusisha na bara Hindi, na nyingine wakazihusisha na kusini mashariki na mashariki mwa Asia. Kuku walifika kwetu zaidi ya mara moja na kwa zaidi ya njia moja.

Mfuatano wa matukio

Mtafiti alikubali kuja baada ya vibali kukamilika, na vibali vilichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Kilihitajika kibali cha utafiti kutoka NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kibali cha kufikia rasilimali za kijenetiki kutoka NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2006, ridhaa ya ofisi ya mifugo ya kaunti, na ridhaa ya wafugaji wenyewe kwa maandishi. Baadhi ya wanakikundi waliona huo ni usumbufu. Mimi naona ni ulinzi wao, na nitaeleza sababu baadaye.

Mpango wa awali ulikuwa rahisi: kuchukua matone ya damu kutoka mshipa wa bawa, kuyakausha kwenye karatasi maalumu isiyohitaji barafu, na kusoma kipande kimoja cha DNA ya mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyozalisha nguvu na vyenye DNA yao wenyewe. Damu iliyokaushwa ilipendelewa kuliko manyoya kwa sababu chembe nyekundu za damu ya ndege zina kiini, na tone dogo tu hutoa DNA ya kutosha. Siku ya kwanza timu ilipita nyumba zilizo karibu na gati na kuchukua sampuli za kuchi walioonekana wazuri zaidi.

Jioni, sampuli zilipokuwa zikipangwa barazani, bibi mmoja mzee ambaye si mwanachama wa kikundi alisimama akazitazama namba, akauliza kila moja imetoka nyumba gani. Alipokwisha kujibiwa alimwambia mtafiti: "Mwanangu, hawa karibu wote ni watoto wa mama mmoja. Mtetea yule alikuwa wangu. Nilimpa mwanangu wa kike alipoolewa, na hapo ndipo mbegu ilipoenea mtaa huu." Akataja nyumba moja baada ya nyingine, nani alimpa nani, na jogoo gani aliazimwa wapi.

Kazi ilisimama. Kupima watoto na wajukuu wa mtetea mmoja ni kusikiliza shahidi mmoja akirudia neno lile lile, na matokeo yangesema kijiji kizima kina ukoo mmoja wa umama hata kama hilo si kweli. Siku zilizofuata timu iliketi na wanawake wazee wa mitaa yote, wakachora pamoja nasaba za kuku kadiri zilivyokumbukwa. Sampuli zilichukuliwa upya kutoka kwa ndege ambao, kwa ushahidi wa wenyewe, hawakushiriki hata bibi na babu. Ziliongezwa pia sampuli za kuku wa kawaida wa kijiji hicho hicho, za kijiji cha pili upande wa ndani wa kisiwa, za kuku wa vijijini karibu na Malindi, na za kuku wa biashara wa mayai na wa nyama.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mzito kuliko yote ulikuwa kutoishia kwenye mitokondria. DNA ya mitokondria hurithiwa kwa mama pekee, na jogoo hapitishi chochote ndani yake. Kwa ng'ombe upungufu huu una tiba, maana fahali ana kromosomu Y inayopita kutoka baba hadi mwana. Kwa njia hiyo watafiti wameonyesha kwamba ng'ombe wengi wa Afrika Mashariki wenye nundu wana umama wa ng'ombe wasio na nundu walioingia Afrika zamani, ilhali upande wa baba unatokana na fahali wa nundu kutoka Asia ya kusini. Wanakikundi walipoelezwa kwa mfano wa ng'ombe wa Waorma, jamii ya wafugaji wa jirani, ambao huwaona wakivushwa na kuuzwa, walielewa mara moja kwamba mama na baba wanaweza kuwa na historia mbili tofauti.

Kwa ndege njia hiyo imefungwa. Jogoo ana kromosomu mbili za Z, na mtetea ana Z moja na W moja, kwa hiyo hakuna kromosomu inayopita kwa baba peke yake. Habari za majogoo zimetawanyika katika kromosomu za kawaida, na lazima zisomwe huko. Katika kisa hiki jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu anayesafiri, anayeazimwa, anayeuzwa kama mbegu na anayegawiwa na miradi ni jogoo. Kama mradi ungejaza kijiji majogoo wa kigeni kwa miaka kumi, kipimo cha mitokondria kingeendelea kusema kwamba kuku wa kijiji hawajabadilika. Kwa sababu hiyo mtafiti aliongeza alama za mikrosatelaiti, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, kutoka orodha ya alama 30 ambazo FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) na chama cha kimataifa cha jenetiki ya wanyama wamezipendekeza kwa kuku, ili matokeo yaweze kulinganishwa na ya nchi nyingine. Gharama ilipanda na idadi ya kuku ikapungua. Naamini huo ulikuwa ubadilishaji sahihi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuwaweka kuku wa biashara ndani ya ulinganisho. Mjumbe mmoja alipinga akisema ni upotevu wa pesa, kwa kuwa hakuna asiyejua kuku wa dukani. Lakini kuku hao wa kisasa wenyewe wana damu ya China. Katika miaka ya 1840 na 1850 kuku wakubwa wa Cochin na Shanghai walipelekwa Uingereza na Marekani, wakapandishwa na kuku wa huko, na aina nyingi za leo, Rhode Island Red ikiwa mojawapo, zilitokana na mchanganyiko huo. Ukoo wa umama wa mashariki mwa Asia ukionekana kwa mtetea wa Lamu, unaweza kuwa ulifika kwa jahazi karne nyingi zilizopita, na unaweza pia kuwa ulifika ndani ya katoni la vifaranga juzi. Bila kuku wa biashara wa kulinganisha, njia hizo mbili hazitenganishiki.

Uamuzi wa tatu ulikuwa uchambuzi ufanyike ndani ya nchi, na makubaliano yaandikwe kwamba sampuli hazitatumika kwa kazi nyingine bila kurudi kwa kikundi. Msingi wake ni Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu kufikia rasilimali za kijenetiki na kugawana manufaa yake, iliyoanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014. Kuchi ana sifa ambazo kampuni ya mbegu ingezitamani: mwili mkubwa na uwezo wa kuishi kwa kujitafutia chakula kwenye joto la pwani. Mwanamke aliyemtunza kuku huyo kwa miaka hana hataza wala hati. Karatasi ya ridhaa ndiyo haki pekee iliyoandikwa aliyokuwa nayo, na ndiyo maana nilisema vibali vilikuwa ulinzi.

Matokeo

Kwa upande wa umama, kuchi hawakuwa kundi moja. Baadhi walikuwa na ukoo unaohusishwa na mashariki mwa Asia, na wengine walikuwa na ule ule ukoo uliotapakaa wa bara Hindi ambao kuku wa kawaida wa kijiji walikuwa nao. Kati ya wale wenye ukoo wa mashariki, wengine walishabihiana na kuku wa biashara kiasi kwamba haikuwezekana kudai wametoka njia nyingine.

Kwa upande wa alama za kromosomu za kawaida picha ilikuwa tofauti, na hapa ndipo penye uzito wa kisa. Kuchi wa kijiji cha ndani, bila kujali ukoo wao wa umama, walikusanyika pamoja na kujitenga na kuku wa kawaida. Kuchi wa nyumba za karibu na gati walitawanyika katikati, wakiwa wamechanganyika na kuku wa kawaida na hata na wa biashara.

Cheti cha China hakikutolewa. Mchuuzi mmoja aliacha kuja. Kikundi kilikubaliana na ofisi ya mifugo kwamba majogoo walioboreshwa wasipelekwe katika kijiji cha ndani, na kwamba nyumba za gati zinazowataka ziwachukue kwa hiari. Daftari la nasaba lilifunguliwa, likitunzwa na mwalimu wa madrasa kwa kuwa ndiye aliyeaminiwa na pande zote.

Uchambuzi

Matokeo yaliwachanganya wengi, hasa pale kuku wawili wanaofanana kama mapacha walipokutwa na umama tofauti. Maelezo yamo katika mwenendo wa majogoo. Mtetea wa kawaida akipandwa na jogoo wa kuchi, vifaranga wao wana nusu ya kuchi. Matembe miongoni mwao wakipandwa tena na kuchi, kizazi kinachofuata kina robo tatu, na kinachofuata kina sehemu saba za nane. Baada ya vizazi vichache vya kuchagua, kuku huyo ni kuchi kwa umbo, kwa mwendo na kwa karibu vinasaba vyake vyote, ilhali mitokondria yake bado ni ya yule mtetea wa kawaida wa mwanzo. Wanawake wa kijiji hawakushangazwa na jambo hilo. Walieleza kwamba ndivyo mtu asiye na uwezo wa kununua mtetea wa kuchi anavyojipatia mbegu: huazima jogoo na kusubiri. Maabara ilithibitisha desturi yao, na desturi yao ikaifafanua maabara. Nadhani hakuna upande ambao ungefika peke yake.

Umbo nalo lilitumiwa vibaya katika mjadala wa asili. Mchuuzi mmoja alikuwa akionyesha miguu ya manjano kama alama ya China. Utafiti wa mwaka 2008 umeonyesha kwamba jeni inayoipa ngozi ya kuku rangi ya manjano haikutoka kwa kuku mwekundu wa porini, bali ilitoka kwa kuku wa kijivu wa porini wa India. Upanga mfupi wenye safu za vijinundu, ambao wengi wa kuchi hawa wanao, hutokana na badiliko katika jeni moja iitwayo SOX5, na badiliko hilo liko kwa kuku wa aina nyingi. Sifa inayotawaliwa na jeni moja husafiri peke yake kwa urahisi, kwani kuku anaweza kuibeba huku sehemu nyingine zote za nasaba yake zikiwa za mahali pengine. Ofisa anayetaka kukisia asili kwa kutazama rangi na upanga ajue anasoma herufi moja katika ukurasa mzima.

Kusimamisha kazi ili kuchora nasaba ndilo jambo lililofaulu kuliko yote, na lilitokana na bahati ya bibi mmoja kupita barazani. Halikuwa ndani ya mpango. Mahali ambapo mifugo huazimwa na kugawanwa, nyumba mbili si familia mbili za wanyama, na umbali kati ya nyua hauonyeshi umbali wa nasaba. Mahojiano ya nasaba yangepaswa kutangulia sindano ya kwanza, na yangepaswa kufanywa pamoja na wazee wanawake bila kujali uanachama wa kikundi.

Yaliyoshindikana yalikuwa mazito. Ripoti ilichelewa, na ilipokuja iliandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, kwa hiyo kikundi kilipata matokeo kwa mdomo, kila mtu akasikia alichotaka kusikia. Wapo waliotoka mkutanoni wakisema wamethibitishwa kuwa na kuku wa China, na wapo waliotoka wakisema kuku wao ni chotara tupu. Ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye mchoro wa nasaba waliouchora wao wenyewe, ukoo wa umama wa kila nyumba ukiwa umetiwa rangi yake, ungezuia sehemu kubwa ya mzozo uliofuata.

Kosa lingine lilikuwa la mpangilio wa vipaumbele. Wakati sampuli zikisubiri maabara, ugonjwa wa mdondo uliingia kijiji cha gati na kuua kuku wengi, wakiwamo baadhi ya waliotolewa damu. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2, ambayo hustahimili joto kuliko chanjo za kawaida na hutolewa kwa tone la jicho, ingeweza kupangwa katika ziara ile ile ya kuchukua sampuli, kwa kuwa kila ndege alikuwa tayari mkononi. Fedha za utafiti hazikuwa na kifungu cha chanjo. Sijaona sababu ya kitaalamu ya kutenganisha mambo haya mawili katika kisiwa ambako mlipuko mmoja unaweza kuondoa ukoo mzima wa umama, na mpango wowote wa kupima mifugo michache ya aina adimu unapaswa kumwekea kinga mnyama yule yule unayemtoa damu.

Kuhusu ulinzi wa baadaye, hatari ya kijiji cha ndani sasa imegeuka. Kwa kuwafungia nje majogoo wa kigeni, kundi dogo limebaki na majogoo wachache, na uzazi wa ndugu kwa ndugu huanza kuonekana kwa mayai yasiyoanguliwa na vifaranga dhaifu. Daftari limeanza kutumika kwa jambo hilo: jogoo haazimwi kwa nyumba yenye dada au binti zake, na kila baada ya msimu wa kuangua hubadilishwa na jogoo wa mtaa mwingine. Ofisa wa mifugo ameshauri watafutwe kuchi kutoka visiwa vya jirani na vijiji vya pwani ya Malindi, wapimwe na kuchanjwa kabla ya kuvushwa. Bado kuna wanakikundi wanaokataa, kwa hoja kwamba kuchi wa mahali pengine si kuchi wao, na mazungumzo hayo yanaendelea.